UZI: Taa ya Arco ya mwaka 1962, ndugu wawili wa Milano, na lile tundu kwenye jiwe

Mwanataa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Siku hizi ukifungua picha za apatimenti mpya za Masaki, Kilimani au Nyali lazima uikute: kitako kizito kimekaa kona ya sebule, chuma kirefu kimepinda kupita juu ya sofa, mwisho wake bakuli linalong'aa lina globu ndani. Madukani wanaiita taa ya upinde. Karibu zote ni wajukuu wa taa moja tu, inaitwa Arco, iliyotoka Italia mwaka 1962. Humu naona watu wanauliza bei na duka, ila ilikujaje hadi ikawa hivyo, hakuna anayeuliza. Ngoja niishushe. Ni ndefu, mwenye haraka aruke.

Walioibuni ni Achille Castiglioni, aliyezaliwa Milano mwaka 1918, na kaka yake Pier Giacomo, wa mwaka 1913. Wote wasanifu majengo kwa kusomea, chuo kimoja, Politecnico di Milano. Baba yao Giannino alikuwa mchonga sanamu, kwa hiyo mambo ya mawe na vumbi lake waliyajua tangu utotoni. Kulikuwa na kaka mwingine, Livio, mkubwa wao wote, ambaye walianza naye kazi, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 akashika njia yake. Pier Giacomo alifariki 1968. Achille akaendelea peke yake hadi kifo chake mwaka 2002, ndiyo maana sifa nyingi zimemwendea yeye. Ukikuta mtu ameandika kwamba Arco ni ya Achille tu, jua kuna marehemu amedhulumiwa.

Hawa jamaa tabia yao ilikuwa kuchukua kitu ambacho tayari kipo na kinafanya kazi, wakakihamishia kazi nyingine. Mwaka 1957 walionyesha kigoda ambacho kikalio chake ni kiti cha trekta, chenye matundu yake vilevile. Kingine kikalio chake ni tandiko la baiskeli, cha kukalia ukiwa unaongea na simu ya mezani. Watu walicheka. Mwaka huohuo wa Arco wakatoa taa nyingine ya kusimama inaitwa Toio: juu ni taa ya mbele ya gari iliyoagizwa Marekani, chini transfoma imeachwa wazi kabisa bila kufunikwa, maana uzito wake ndio unaoizuia taa isianguke, na waya unapanda mlingotini kwa kupita kwenye vile vipete vya fimbo ya kuvulia samaki. Hakuna kilichofichwa. Mimi binafsi Toio naipenda kuliko Arco, lakini uzi huu si wake.

Sasa shida waliyokuwa wanaitatua. Nyumba nyingi mwanga wa meza ya chakula unatoka darini. Ukishatoboa dari na kuning'iniza taa, meza yako imefungwa hapohapo maisha. Ukitaka kuisogeza dirishani, mwanga unabaki unamulika sakafu tupu. Mpangaji ndiyo kabisa, dari si yake. Taa za kusimama za kawaida nazo zinamulika pembeni, zinakupiga machoni, sahani iko gizani. Wakaangalia taa za barabarani: nguzo iko kando ya njia, taa yenyewe iko juu ya njia. Wakajiuliza kwa nini isiingie ndani.

Naendelea chini, nisijibiwe kwanza.

---

Mwanataa

Sehemu ya pili, taa yenyewe kipande kwa kipande.

Kitako ni jiwe zima la marumaru ya Carrara, kilo 65 hivi. Mfuko wa saruji ni kilo 50, kwa hiyo jipimieni. Pembe zake zimekatwa mshazari, na sababu aliyoitoa Achille mwenyewe ni ya kawaida mno: jiwe lenye ncha kali chini kabisa, kwenye chumba watu wanakopita, litakula mifupa ya miguu.

Katikati ya jiwe kuna tundu la mviringo linalotokea upande wa pili. Hili ndilo watu wanalodhani ni pambo. Unapitisha mpini wa ufagio humo, mmoja anashika huku mwingine anashika kule, mnanyanyua. Basi. Mtu mmoja hawezi kuihamisha Arco, na wao walijua, wakaacha mahali pa kushika.

Kutoka kwenye jiwe kinapanda chuma cha stenlesi, kisha upinde wa vipande vyenye umbo la U vinavyoingiana. Unaweza kuuvuta ukawa mrefu au kuurudisha ukawa mfupi, kutegemea meza yako iko umbali gani. Na kwa kuwa chuma kina umbo la U, waya unalala ndani yake, huuoni. Juu kabisa inafika kama mita 2 na nusu, na kwenda mbele inavuka mita 2. Hapo ndipo akili ilipo: kati ya nguzo na meza inabaki nafasi ya mtu kupita na sinia la chakula nyuma ya waliokaa, bila kuinama na bila kugonga kitu. Vipimo vya taa vilitoka kwa huyo mtu mwenye sinia.

Bakuli la alumini ni vipande viwili. Cha juu kimetobolewa vitundu vingi. Wakati ule globu zilikuwa za nyuzi, zinachemka kama jiko, joto lisipopata pa kutokea holda inaungua. Vitundu vinatoa joto, na pia vinarusha mwanga kidogo juu ili dari lisiwe jeusi tii. Kipande cha chini ni pete inayoegemea kile cha juu, unaisogeza kwa mkono kukata mwanga usikupige machoni ukiwa umekaa.

Kampuni iliyoitoa ni Flos. Yenyewe ilianzishwa 1962 huko Merano, kaskazini kabisa mwa Italia, na Dino Gavina na Cesare Cassina, watu wa samani, pamoja na Arturo Eisenkeil. Eisenkeil alikuwa anaingiza kutoka Marekani aina ya plastiki ya kupuliza ambayo Wamarekani waliitumia kufunika vifaa vya jeshi visiharibike safarini, akawa anatafuta ifanyiwe nini. Akina Castiglioni wakaipulizia kwenye fremu za waya, zikatoka taa zinazofanana na vifukofuko vya nondo. Hizo ndizo taa za mwanzo kabisa, Arco ikafuata. Baadaye kampuni ikahamia upande wa Brescia chini ya Sergio Gandini.

Sasa karibuni.

---

FundiKeko

Mkuu umeshusha. Mimi ni fundi, hizi taa nimeshaletewa kuchomelea zaidi ya moja. Zinaletwa zimevunjika palepale chuma kinapoingia kwenye kitako. Nina swali la kifundi: kwa nini kilo 65? Za dukani kitako ukikinyanyua hata kilo 20 hakifiki, ndani mchanga umefungiwa kwenye bati.

---

Mwanataa

Fundi, swali zuri, tupige hesabu ya darasani tu.

Tuseme ukingo wa kitako uko sentimita 15 kutoka katikati ya uzito wake. Jiwe la kilo 65 linashikilia 65 × 0.15, yaani kama 9.75. Upande wa pili, bakuli liko mita 2 kutoka ukingo huohuo, kwa hiyo kila kilo moja huko mwisho inavuta 2. Gawanya: kichwani unaweza kubeba karibu kilo 5 kabla taa haijaanza kuinuka. Humo toa uzito wa upinde wenyewe, bado inabaki akiba ya kutosha mtoto akiudandia mkono kidogo.

Chukua sasa ya kilo 20: 20 × 0.15 ni 3, gawa kwa 2, kilo moja na nusu tu. Bakuli na chuma vimeshazila. Ndiyo maana za dukani upinde wake unafupishwa au chuma kinakuwa bomba jepesi linalotikisika feni ikiwashwa. Na hapo kwenye maungio ndipo mtikisiko wote unapoishia, ndiyo hizo unazoletewa.

---

Bi Shumari

Kweli kabisa. Tulinunua moja duka fulani hapa mjini, sitaji. Mwanangu alivuta pazia, pazia likashika upinde, taa ikalalia televisheni. Kurudisha wakasema waranti haihusu kuanguka. Nimecheka nilipoona hiyo hesabu, kumbe jibu lilikuwa wazi.

---

Mlosi wa Kisauni

Ahsante ndugu Mwanataa, lakini hapo kwa jiwe naona watueleza hadithi ya wauzaji. Marumaru uzito wake ni kama kilo 2.7 kwa lita, zege kilo 2.4. Kilo 65 za marumaru ni lita 24, za zege ni lita 27. Tofauti lita tatu! Kama shida ni uzito wangemwaga zege wakapunguza gharama. Marumaru ni urembo wa matajiri, tusidanganyane.

---

Mwanataa

Mlosi, hesabu yako iko sawa, na hoja ina nguvu. Achille alieleza kwamba marumaru inatoa uzito uleule kwa umbo dogo zaidi, ila kama umbo dogo lingekuwa jambo pekee, chuma cha kumwaga kingeshinda wote: kilo 65 za chuma hicho ni lita kama 9 tu.

Lakini angalia wako wapi. Milano hadi Carrara si mbali, na Italia ina mafundi mawe wa kumwaga tangu enzi za Warumi. Jiwe linakatwa, linatobolewa, linasuguliwa, limekwisha. Zege lataka kalibu, lataka siku za kukauka, halafu uso wake bado unataka kufunikwa na kitu, na ukingo unabanjuka ukigongwa. Kwa hiyo marumaru haikuwa ghali kwao kama ambavyo ingekuwa kwetu ukiagiza. Kwamba inapendeza, sikatai. Inapendeza sana. Ninachopinga ni kusema kwamba iliwekwa kwa ajili ya kupendeza, kwa sababu mtu anayetafuta kupendeza hatoboi tundu la ufagio katikati ya jiwe la Carrara.

---

Mlosi wa Kisauni

Haya, la tundu nimelikubali. La urembo tutabaki na hitilafu.

---

Dada wa Lombardia

Niko Italia, niongezee kidogo. Studio yao ilikuwa Piazza Castello, mbele ya ngome ya Sforza, na baada ya kifo cha Achille iligeuzwa makumbusho. Kinachokushangaza ukiona picha za mle ndani si taa, ni makabati ya takataka tupu: miwani ya ajabu, mikasi, nyundo, vitu vya kuchezea watoto, vitu vya dukani visivyo na jina la aliyevibuni. Alikuwa akivikusanya, na alipokuwa akifundisha chuo kikuu, kwanza Torino kisha Milano, alikuwa anaingia darasani na begi la vitu hivyo, anavimwaga mezani, anauliza wanafunzi hiki kazi yake nini.

Na kuna kitu chao ambacho naapa nusu ya waliomo humu wamekishika bila kujua ukoo wake. Ile swichi ndogo ya kwenye waya wa taa ya kitandani, ya kusukuma kwa kidole gumba. Mwaka 1968 ndugu hawa walibuni moja kwa kampuni ya VLM, ikauzwa mamilioni kwa mamilioni kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Achille alikuwa anajivunia kile kidude kuliko vingine vingi, kwa sababu mtu anakinunua kwa kuwa kinafaa tu, haulizi kabuni nani.

---

Mwanataa

Dada, hiyo ya swichi nilitaka kuiweka nikaona uzi utakuwa kitabu. Ahsante sana.

---

Kaka Mpole

Swali la kizushi. Kama ni ya 1962, hakimiliki si imeshaisha? Nani anamzuia mtu kutengeneza kopi?

---

Mwanataa

Kaka, hapo umegusa penyewe. Kesi yake ni maarufu kwa wanasheria wa ubunifu Ulaya nzima.

Kwa miaka mingi Italia ilikuwa ngumu mno kuipa kazi ya kiwandani hakimiliki. Taa, kiti, sufuria vilihesabiwa bidhaa. Unasajili umbo, unapata muda mfupi wa ulinzi, ukiisha kila mtu ruksa. Arco ikawa mali ya wote, kopi zikajaa. Umoja wa Ulaya ukatoa agizo mwaka 1998 kwamba ubunifu wa kiwandani nao unaweza kupata hakimiliki, na Italia ikaliingiza kwenye sheria zake mwaka 2001, ila kwa kusitasita, na vipengele vya kuwalinda waliokuwa tayari wanatengeneza kopi.

Flos wakaishtaki Milano kampuni ya Semeraro, iliyokuwa ikiingiza kutoka China taa inaitwa Fluida, wakidai ni Arco iliyobadilishwa jina. Majaji wa Milano wakapeleka maswali Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Tarehe 27 Januari 2011 mahakama hiyo ikasema nchi mwanachama haiwezi kuunyima hakimiliki ubunifu unaotimiza masharti yote, kisa tu muda wa usajili wake ulikuwa umekwisha kabla ya sheria mpya. Kulikuwa na utata, maana inaelekea Arco haikuwahi kusajiliwa. Hapo mahakama ikasema ulinzi unaweza kupatikana kupitia sheria nyingine za hakimiliki za Umoja huo. Kesi ikarudi Milano, na mwaka 2012 Flos wakashinda, Arco ikatambuliwa kuwa kazi ya sanaa.

Sasa piga hesabu. Hakimiliki ni maisha ya mbunifu na miaka 70 baada ya kifo, na kazi ikiwa ya wawili unahesabu kwa aliyekufa mwisho. Achille alikufa Desemba 2002. Kwa Italia hiyo ni hadi mwisho wa 2072. Sisi humu wengi tutakuwa tumeshazikwa.

Uingereza nako waliofika London miaka ya nyuma watakumbuka mitandao iliyokuwa inauza kopi hizi waziwazi. Sheria yao ilikuwa inatoa miaka 25 tu kwa sanaa iliyotengenezwa kwa wingi viwandani. Kifungu hicho kilifutwa Julai 2016, wauzaji wakapewa hadi Januari 2017 kumaliza mzigo.

---

FundiKeko

Kwa hiyo mimi nikitengeneza yangu nakamatwa?

---

Mwanataa

Fundi, mimi si wakili, na hukumu niliyoisimulia ni ya kwao. Ushauri wangu ni wa kifundi: usikope umbo, kopa swali. Mteja anataka mwanga juu ya meza bila kutoboa jipsamu. Una nondo, una bomba la mraba, mafundi wa kaunta za jikoni wanatupa mabaki ya graniti kila siku, na graniti ina uzito unaokaribiana kabisa na marumaru. Vipande viwili vitatu ukivibandika na kuvifunga kwa boliti unapata kilo zako 60. Mkono si lazima upinde, unaweza kuwa wa kona. Ukifanya hivyo umefuata akina Castiglioni kuliko huyo anayepinda bomba na kujaza mchanga, kwa sababu wao wangetumia hichohicho kilichopo karibu.

Na weka mahali pa kushikia. Tafadhali.

---

Bi Shumari

Fundi ukiitengeneza niweke wa kwanza kwenye foleni. Bila pazia safari hii.

---

Mpita Njia 88

Kuna mtu ananiuzia moja, anadai ni orijino ya zamani kutoka kwa mzungu aliyeondoka. Nitaijuaje?

---

Mwanataa

Anza na kujaribu kuinyanyua peke yako. Ukiweza vizuri, rudi nyumbani.

Ikikushinda, chungulia tundu: lazima litoboke upande wa pili na ndani kuwe jiwe lilelile, mistari ya marumaru iingie tunduni. Ikiwa mistari inaishia ukingoni, hiyo ni karatasi au rangi. Pembe ziwe zimekatwa. Vuta upinde, uteleze kwa utulivu, usikwaruze. Waya usionekane ukining'inia chini ya chuma. Bakuli liwe vipande viwili, juu vitundu, chini pete inayosogea. Tafuta jina la Flos na la Castiglioni. Lakini nembo ni kitu rahisi kughushi kuliko kilo 65 za jiwe, hivyo usianzie hapo.

Kuna toleo la mwaka 2022 la kuadhimisha miaka 60, kitako chake ni kioo badala ya marumaru, unaona ndani moja kwa moja. Zilitengenezwa 2022 tu kwa idadi, kama mwaka wenyewe. Akikuambia ya kwake ya kioo ni ya miaka ya 60, huyo ni tapeli.

---

Mpita Njia 88

Ameniambia atanitumia video. Nimemwambia apitishe mpini wa ufagio kwenye tundu, naona amekaa kimya.

---

Dada wa Lombardia

😂 Ukiipata kweli, kumbuka plagi. Za huku ni za pini za mviringo, haziingii kwenye soketi zenu za pini tatu za mraba. Volti ni karibu zilezile, 230 hadi 240, kwa hiyo huhitaji transfoma, badilisha plagi tu. Kama ni ya miaka ile ya kwanza, mpe fundi akague waya wote uliomo ndani ya upinde na holda pia, plastiki ya zamani inakauka na kukatika ukiigusa. Halafu weka globu ya LED, joto lishuke.

---

FundiKeko

Kukagua huo waya ni kufungua upinde wote, siyo kazi ya nusu saa. Mje nayo asubuhi.